Tiketi

Shilingi hamsini nililipa, dirishani Syokimau,
nikapewa karatasi ndogo, yatosha kufunga ugoro.
Treni ikazima Makadara, ikalala saa mbili nzima,
keki ya watu mapajani, sukari inatoka jasho,
hata bwana harusi wa plastiki
akaanguka kifudifudi kwenye krimu.

Milimani, chumba cha madai madogo,
wakili Ochwada alisimama, tai imenyooka kuliko reli:
“Tiketi humbeba abiria, Mheshimiwa. Haibebi keki.
Na nyuma imeandikwa: kuchelewa si juu yetu.”

Nikasema, nyuma mmeandika kwa herufi za sisimizi,
na behewani hamkuwa na taa.

Mheshimiwa akaiomba tiketi.
Niliitoa ndani ya daftari la mapishi,
ukurasa wa mahamri.
Nyeupe.
Miezi saba ya kuahirishwa imeulamba wino wote,
tarehe, nauli, jina la stesheni.

“Mali bila daftari…” wakili akatabasamu,
akatuachia tumalizie wenyewe.

Nami daftari ninalo, nimelishika mkononi!
Nilitaka kucheka. Koo likakataa.

Mheshimiwa akaiinua karatasi dirishani,
kwenye jua la saa nne.
Pembeni palikuwa na tundu,
tundu la koleo la mkaguzi, umbo la nyota,
na mwanga ukapita humo, ukatua mezani
karibu na kalamu ya wakili.

“Hapa,” akauliza, “alitoboa nani?”

Ochwada akafungua jalada.
Akalifunga. Akalifungua tena,
kurasa zilezile.