Maandishi ya Chini

Jina lake hasa ni Zurab,
watoto wa Ganjoni wakamgeuza Zabibu
kabla hajamaliza kupandisha begi la pili.
Fundi wa kreni za bandarini, mkataba miaka miwili,
katoka nchi ambayo, alinionyesha kwenye simu,
ni ndogo kama kovu la chanjo begani kwangu.

Kodi hulipa tarehe mbili. Viatu huvua mlangoni.
Kosa lake moja: usiku hucheka peke yake.
Mimi nimelala chini, kicheko chashuka na bomba la maji,
nikasema, huyu ana mgeni ama ana wazimu.
Nikapanda na sahani ya bajia, kisingizio.
Kompyuta kaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na mle ndani wazee watatu wamfukuza nguruwe.
Nikageuza uso.
Kisha nikaurudisha.

Basi ikawa ada. Ijumaa, baada ya isha,
mimi kwenye kiti cha plastiki, yeye sakafuni,
mlango wazi, na mjukuu wangu Shuweikha kizingitini
kama karani wa heshima yangu, hadi usingizi umchukue.
Mtandao twalipa nusu kwa nusu.
Neno la siri kalichagua yeye: bajiambili.

Filamu za kwao zina theluji, na watu wasio na haraka ya kusema.
Yeye ndiye mkalimani. Kiswahili chake ni cha gatini,
cha makuli na madereva wa trela,
kwa hiyo mabibi harusi wa kwao wote waliongea
kama watu wanaopakua simiti:
"Shusha pole pole, mpenzi. Moyo yangu iko nzito, tani mbili."
Nilicheka hadi mtandio ukaanguka.

Ile moja alirudia mara tatu.
Mama yuko dirishani, mwana apanda basi.
Mama asema kitu, midomo yatetemeka.
"Asemaje?"
"Anasema, kula vizuri."
Mara ya pili nikauliza tena.
"Kula vizuri. Vaa sweta."
Mara ya tatu stima ikakatika papo hapo,
joto la Machi likaingia bila hodi, kama mdai,
tukakaa gizani. Yeye hakusema, nami sikuuliza.

Mkataba ukaisha mwezi wa saba.
Kaniachia ndoo, na chupa ya asali iliyoganda.

Juzi Shuweikha kanitafutia ile filamu.
Hii ina maandishi chini, ya Kiingereza,
yakimbia kushinda miwani yangu.
Nikamwambia, simamisha hapo. Hapo kwa mama.
Akanisomea, akigeuza neno moja moja:
"Usirudi. Hapa hapana kitu tena.
Ukirudi, mlango sifungui."

Nikaketi.
Nikakumbuka Jumapili zake, akimpigia mama yake
kwa sauti ya chini, lugha kama kokoto mdomoni,
na akishakata simu, hushuka ngazi
kuuliza kama kuna bajia.

"Bibi," asema Shuweikha, "alikudanganya."

Mtoto huyu hajui.
Hajui usiku ule nilipokuwa nikishuka
na Bi Nuwayra wa dirisha la pili akapaza sauti
mtaa mzima usikie, maneno nisiyoyarudia hapa,
na Zurabu juu ya ngazi akaniuliza, "Mama, jirani amesema nini?"
Nikamwambia: "Ametutakia usiku mwema."
Naye akampungia mkono, maskini, akatabasamu.

Rudisha nyuma, nikamwambia Shuweikha.
Pale anapopanda basi.
Na hayo maandishi, yazime.