Kielelezo cha Tatu

Tulisikia redioni, taarifa ya saa mbili,
jina lake katikati ya majina, kama herufi iliyochapwa kwa bahati:
Wakili Singano Shechambo, Naibu Waziri, Ardhi.
Barabara ya Kumi na Nne ikajaa viatu.
Waliodaiwa ada tangu mwaka juzi
wakalipa usiku ule ule, noti mpya.

Mimi karani wake, miaka kumi na tisa kwenye taipureta,
nilibaki na funguo, na joho lake msumarini,
na Bi Mashavu wa Duga, kila Jumatatu,
na faili lake la kiwanja:
"Bwana kapata cheo, sasa si atanimalizia?"
Nikamwambia subiri. Neno hilo halilipiwi stempu.

Siku thelathini na nane.

Redio ile ile, saa ile ile: uteuzi umetenguliwa.
Umetenguliwa. Kitenzi kisicho na mtenda;
yeye mwenyewe angekiwekea pingamizi.
Hakuna sababu. Hakuna amri ya gharama.

Alirudi kwa basi la usiku, begi moja.
Viatu barazani: viwili, vyake.
Akapangusa meza kwa kiganja, akauliza,
"Kesi ya Mashavu inatajwa lini?"

Nikamletea faili. Juu kabisa, barua ya Wizara:
ombi lako limekataliwa.
Chini yake, kwa wino wa buluu,
ile S yenye mkia ninayoijua kuliko mwandiko wangu.

Akanyamaza mpaka chai ikaota utando.
"Zilikuwa zinaletwa rundo," akasema, "saa nne usiku.
Unaonyeshwa kwa kidole pa kutia sahihi."
Halafu, kwa sauti ya kortini: "Chapa."

Nikachapa. Mimi, mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Ngamiani,
naapa na kueleza kama ifuatavyo.
Vidole vyangu, ambavyo havijakosea tangu niolewe,
vikakosea mara mbili kwenye jina lake.

Faili akampa binti wa Mzee Kihiyo, wakili mchanga,
maana mtu hawi wakili na shahidi kwa kesi moja.
Joho likabaki msumarini.

Alhamisi, Mahakama Kuu, akapanda kizimbani na shati jeupe.
Binti akamwonyesha barua, mkono unamtetemeka:
"Sahihi hii ni ya nani?"
Bi Mashavu akasogea ukingoni mwa benchi.

"Yangu."

Jaji akamwomba arudie,
feni ilikuwa na kelele.
Akarudia.