Salio la Adelino

Mwezi wa pili, Hamilton. Barabara ya Barton
imevaa theluji ya juzi, chafu kama kitambaa cha kufutia wino.
Benki imenipigia mara mbili kabla ya chai.
Sikupokea. Nilikuwa juu ya ngazi, ndoo mkononi,
nakinga maji yaliyokuwa yakidondoka
kwenye kalenda za watu.

Dawa ya deni kulipa, alizoea kusema marehemu mama.
Hakusema kulipa kwa nini.

Gurdeep wa gereji ndiye aliyenipeleka chamani:
wafanyabiashara mia mbili na kitu,
hakuna anayemwonyesha mwenzake noti.
Unatoa ulicho nacho, unaandikiwa pointi;
pointi moja ni dola moja, ila haikunjiki,
haiingii mfukoni, haimtulizi mwenye nyumba.
(Mwenye nyumba nilimuuliza. Alicheka mpaka akakohoa.)

Mkono mtupu haulambwi, husema kwetu Pangani.
Wangu si mtupu, una rangi mpaka kwenye kucha.
Nikamchapia daktari wa meno kadi elfu mbili za miadi,
akaniziba jino lililonikesha tangu Ramadhani.
Nikamchapia muuza maua; muuza maua akafunga duka,
akaniachia pointi mia tatu na harufu.
Hesabu za mwaka alinifanyia kijana, Thaddeus,
kwa fulana za timu yake ya magongo ya barafuni,
akanionya, huku akila sambusa zisizokuwemo kwenye mkataba,
kwamba serikali haina habari na nipe nikupe:
andika thamani ya soko, ulipe kodi,
na kodi, bibie, hulipwa kwa fedha.

Paa, sasa.
Adelino Furtado, miaka sabini na mmoja,
magoti yakilia kama bawaba, alipanda.
Siku nne alikuwa huko juu.
Nilimsikia akigonga, akinyamaza, akigonga,
akiimba Kireno kidogo alipodhani mashine imemfunika.
Pointi elfu moja mia nane.

Haya, sema, nikuchapie nini? Vipeperushi? Kadi?
Akavitazama vidole vyake.
"Mtaa mzima unanijua," alisema. "Niwekee tu."

Angeweza kuzitumia popote, kwa daktari, kwa Gurdeep.
Kisheria deni langu lilikuwa kwa chama, si kwake.
Lakini lile paa lilikuwa juu ya kichwa changu mimi,
na kila mwisho wa mwezi taarifa ilipokuja
nilikuwa na alama ya kutoa mbele ya jina langu,
na mvua ikinyesha nje, nje kabisa.

Mwezi wa kumi na moja binti yake, Graça, aliingia
na picha ndani ya bahasha iliyolowa pembeni.
Kadi za mazishi, mia moja na ishirini.
Akafungua pochi, akauliza bei.

Nilimwonyesha dari.
Hakuelewa. Nikazima mashine ili anisikie.
"Ameshalipa," nikasema. "Alilipa kabla ya kuagiza."

Nikatoa karatasi ya pamba, ile niliyowafichia
maharusi wenye uwezo.
Nikarudia mara tatu mpaka kofia yake
ikapata buluu yake, ile iliyopauka kwa jua la mapaa ya watu.

Thaddeus ameniletea fomu. Thamani ya soko?
Kadi: mia mbili na kumi. Andika.
Zimebaki elfu moja mia tano na tisini,
Graça hazitaki, chama kinauliza zihamishwe wapi,
nami sijajibu.

Usiku huu theluji imeanza tena.
Ndoo iko pale pale chini ya ngazi, kavu.
Natupia humo vipande vya karatasi.