Shingo Tatu, Kutaisi

Mzevinari alikuja na sauti iliyopasuka.
Miaka thelathini alishika sauti ya chini kanisani,
sasa hata jina lake analitoa kwa mkwaruzo,
bawaba isiyoonja mafuta.

Vazha hakulalamikia sauti. Mkate ulimkwama.
Aliuchovya kwenye supu, akaumega punje punje,
akamdanganya mkewe kwamba ameshiba.

Na Otia, fundi saa, hakuumwa na kitu:
kifungo cha juu cha shati tu
kiligoma, Jumapili baada ya Jumapili.

Niliwapapasa wote. Tezi ile ile
chini ya vidole vyangu, ngumu kama kizingiti,
isiyopanda wala kushuka walipomeza mate.
Saratani, niliwaza, nikanyamaza.

Kwa Mzevinari kisu kilikataa kupita.
Darubini ikasema: si saratani.
Ni kovu, kovu juu ya kovu,
mwili uliojijengea boma
dhidi ya adui asiyekuwepo.
Mwalimu wangu alistaafu bila kuuona.

Vidonge niliwaandikia vile vile.
Vazha sasa anakula. Otia amenunua shati pana.
Mzevinari hunipigia simu usiku, hasemi neno:
hupumua tu,
nami nahesabu.