Mti Juu ya Tuta

Mkaguzi alikuja Jumanne na buti zake za mpira,
akachomeka fimbo ya chuma chini ya tuta, upande mkavu.
Fimbo ikazama kama kijiko kwenye uji.
"Hapa," akasema, "maji yameshaanza safari."

Ziwa letu si ziwa la ramani.
Ni eka tisa, nyumba thelathini na moja,
gati la mbao lililopinda mgongo,
samaki walioletwa kwa lori kutoka Evansville,
na kila Aprili Lowell Stuckey hupita na bahasha
akidai ada, akijibiwa na mbwa.

Tuta alilijenga Haas, mwaka wa hamsini na nane,
kwa tingatinga la kuazima na udongo wa mfinyanzi.
Verna, mkewe, ndiye aliyepanda mwerebi pale juu
wiki ile Dwight wao alipoopolewa chini ya barafu.
Tuta halipandwi mti.
Nani angemwambia?

Kwenye mkutano, ukumbini mwa kanisa, taa zikikoroma,
mkaguzi alieleza: mizizi hufuata maji,
kisha maji hufuata mizizi.
Ukiuacha, upepo utaung'oa pamoja na ubavu wa tuta.
Ukiukata, mizizi itaoza,
na kila mzizi uliooza ni bomba.
Stuckey akauliza bei. Mtu akacheka, akajikohoza.
Verna alikuwa akifunga mkoba, akifungua, akifunga.

Oktoba tulifungua vali.
Siku kumi na moja ziwa lilishuka, kama mgonjwa kwenye ngazi,
likatuachia matope, viti vya plastiki, mipira ya gofu,
meno ya bandia ambayo hakuna aliyejitokeza kuyadai,
na katikati, kijito,
kikipinda palepale kilipopinda kabla ya Haas,
bila kuuliza njia.

Katapila lilipokuja kung'oa kisiki
Verna alileta kiti cha kukunja, akaketi karibu mno.
Dereva akazima injini. Akavua kofia, akaivaa tena.
"Chimba," Verna akasema. "Chimba mpaka mwisho.
Nataka nione ulikuwa umefika wapi."

Mita sita, kuelekea ziwani.
Ncha yake nyembamba kama uzi wa kushonea,
nyeupe,
na ingawa maji yalikwisha kuondoka,
ilikuwa bado imelowa.