Kiporo

Mkandarasi wa kwanza alikuja na viatu vya kung'aa,
akaandika bei ndefu kama treni ya Butere,
akapanda gari lake, akaenda.
Tukabaki na mashimo yetu ya Shianda,
tuliyokwisha kuyapa majina kama ng'ombe:
la kwa posta, Beseni;
la mbele ya kanisa, Sadaka, maana kila apitaye huacha kitu,
nati, kifuniko cha gurudumu, nusu debe la mahindi.
La chini, karibu na mto Lusumu,
lilikuwa na jina pia. Tuliacha kulitaja
tangu usiku ule trekta la miwa lilipolikwepa
likamkuta pembeni ndugu yangu Wechuli, na baiskeli yake.

Shitsama alistaafu kwenye barabara za watu wengine,
miaka ishirini na sita akipika lami.
Alibandua kipande ukingoni, akakinusa,
akakitia katika sufuria kuukuu,
akaiteleka kwa mkaa wa shilingi hamsini.
Tulisimama. Kipande kikatoka jasho,
kikalegea, kikang'aa kama jicho la kunguru.
"Haijafa hii," akasema. "Imezeeka tu, imekauka mafuta.
Tuichimbue, tuivunje, tuipashe moto,
tuiongezee mpya kidogo ya kuishika mkono."

Mwanahawa Osundwa, mweka hazina wetu,
mwanamke asiyecheka mbele ya daftari,
akalamba kidole, akapiga hesabu mara mbili.
"Kumbe," akasema, "ni kiporo."
Na nani kati yetu hakulelewa na kiporo?

Basi tukapika. Wiki tatu za moshi mweusi,
nyusi zikaungua, nguo zikakataa sabuni.
Kipya kinyemi, wanasema;
sisi tulipakua cha jana, tukashiba.
Pale chini nilimwomba Shitsama reki,
nikasawazisha mwenyewe, polepole,
mawe yaleyale yaliyomwona,
yakiingia chini ya mtambo yana moto,
yakitoka yamenyamaza.

Sasa magari hupita Lusumu bila hata kupunguza mwendo.
Ndivyo tulivyotaka.
Mimi bado, nikifika pale,
hushuka, nikaisukuma baiskeli.