Nukta za Hangi

Mimi ndiye mwenye daftari.
Nimekalia jiwe lililowahi kuwa moto,
penseli nimeichonga kwa wembe.
Uwanja wetu wa Ndosho ni mweusi kama tako la sufuria,
isipokuwa ule ukanda wa katikati
tulioumwagia udongo mwekundu wa Sake
tukaushindilia kwa pipa lililojaa mawe.
Gongo alituachia askari wa Kihindi aliporudi kwao.
Mpini umevunjika mara mbili,
umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mechi yetu ni ya siku tano.
Siku tano kwetu ni Jumapili tano,
maana Jumatatu kila mtu ana njaa yake.

Leo ni ya tano.
Imebaki mikimbio thelathini na minane,
wiketi mbili,
na jua limeshaiegemea milima ya Masisi.

Kwenye mstari yuko Hangi,
Hangi wa chukudu, mteremsha viazi vya Kibumba.
Kandambili yake ya kushoto ni nzima.
Ya kulia imelika hadi unyayo unaonekana,
ndiyo breki.

Rusho la kwanza, analizuia. Naweka nukta.
La pili analiacha lipite, gongo juu,
kama mtu anayempisha mdai wake njiani.
Nukta.
La tatu. Nukta.

Vijana kando wanazomea:
Piga! Ngoja ngoja huumiza matumbo!
Jumapili ya pili, alipotoka kwa sifuri
akiufukuza mpira ambao haukumwita,
midomo hii hii ilimwimbia haraka haraka haina baraka.
Methali zetu nazo huhama timu.

Mimi nazitazama nukta zangu.
Ukurasa umejaa kama ungo wa ulezi.
Kila moja ni kokoto ndani ya kiatu cha Byamungu,
mrushaji, fundi wa kuchomelea milango,
aliyeanza mchana akiruka kama swala
na sasa anaushika ubavu kabla ya kukimbia.

Niliwahi kumuuliza Hangi, unajuaje saa?
Akasema: ukishuka na kilo mia nne
ukikanyaga breki njia nzima,
raba inaungua, unafika soko limefagiliwa.
Ukiachia njia nzima,
viazi vitafika. Wewe hutafika.
Kisha akaniomba sigara.
Sikuwa nayo. Nikampa karanga.

Rusho la tano linakuja fupi, limechoka,
linadunda juu kama swali la mtoto.
Penseli yangu imeshagusa karatasi,
imezoea.
Ule mguu wa kulia unarudi nyuma, unaachia,
na mpira unapita juu ya uzio wa mabati,
unatua katikati ya sombe ya Mama Nzigire.

Nukta niliyokwisha kuianza
naivutia mkia juu.
Inakuwa sita.

Mama Nzigire anaurudisha mpira
baada ya kututukana kwa Kimashi, bila haraka,
ukoo kwa ukoo.
Kelele. Filimbi. Mtu anapiga bidoo.
Nyingine! Nyingine! Hata mimi, mwenye daftari,
nimesimama, nasema nyingine.

Thelathini na miwili.
Jua limebaki upana wa kidole.
Byamungu anakuja na hasira mpya,
anarusha mpira mzuri, wa chini, wa kweli.

Hangi anaukanyaga mguu wa kulia
na kuuua mpira pale pale, kwenye kivuli chake.

Nakaa.
Nukta.